Nundu ya Vidole Vitatu

Kaka yangu amejenga madaraja kumi na mawili na hakuna hata moja utakaloliona. Yeye ni seremala wa kalibu: hujenga daraja la mbao, zege humwagwa juu yake, likishakauka lile la mbao linabomolewa, na watu wanapiga picha na lililobaki. Mimi nakodisha mirunda, zile nguzo za miti zinazoibeba kalibu kwa chini, kwa hiyo tumebishana bei miaka ishirini. Undugu ni undugu, lakini mrunda ukivunjika unalipwa.

Mafundi wenzake humwita Misumari. Akiwa kazini huwa nayo mitano mdomoni, na ukimwuliza jambo unajibiwa kwa nyusi.

Kufikia daraja la kumi na mbili, magoti yalikuwa yamekwisha. Ngazi alizishuka kinyumenyume, kama mtoto anayejifunza. Mkandarasi alikuwa amemwahidi: hili likiisha salama, ataingia stoo, akae kitini, agawe misumari badala ya kuitafuna. Kiti hicho ndicho kilichokuwa wimbo wake asubuhi na jioni. Wifi yangu alishamshonea mto wa kukalia.

Siku tatu kabla ya kumwaga zege akaja msimamizi mpya, kijana wa buti safi, ametoka kujenga maghorofa. Akasimamisha darubini yake ya miguu mitatu, akachungulia, akachungulia tena.

"Mzee, hii kalibu imevimba katikati."

Kaka akatemea misumari kiganjani. "Haijavimba, nimeiinua. Vidole vitatu."

"Nani kakwambia uinue?"

"Madaraja kumi na moja. Mirunda ikitolewa, daraja hushuka kidogo kwa uzito wake. Ukilimwaga limenyooka litabonyea, maji yatuame humo, ufuge bata."

Wabeba nondo wakacheka. Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Nilikuwepo, nimekuja kukagua mirunda yangu, na niliiona shingo ya kijana ikikaza.

"Ishushe," akasema. "Iwe sawa na pima maji. Leo."

Nikamvuta kaka nyuma ya lundo la mchanga. "Kubali kwa mdomo tu. Mwambie utaiangalia. Jioni mfuate akiwa peke yake, umwonyeshe taratibu, mpaka aone kagundua yeye. Kiti chako kiko mikononi mwa huyu."

"Nimechoka, mdogo wangu," akasema. "Magoti yamechoka, na kuzungukazunguka nako nimekuchoka."

Akaokota kipande cha ubao, akachomoa penseli yake bapa sikioni, akarudi. "Bosi, naishusha sasa hivi. Andika hapa: nimeamuru nundu iondolewe. Jina, saini, tarehe. Nitaupigilia mlangoni pa stoo, kila mtu ausome."

Msimamizi akaishika penseli. Hakuandika. Akaenda pembeni na simu, akaongea na mchoraji wa daraja huku akifunua michoro karatasi moja moja. Kwenye karatasi ya tisa nundu ilikuwepo, imechorwa na kuandikwa kwa milimita. Akarudi bila kumtazama mtu.

"Iache ilivyo."

"Asante, bosi," kaka akasema, na nyuma huko mbeba nondo mmoja akalia kama bata.

Mimi jambo hili nililijua kwa hasara zangu mwenyewe: ukimshinda mtu mbele za watu, hujamalizana naye. Mwachie mlango wa kutokea, hata kama ni wa uani. Kaka hakuacha hata dirisha.

Baada ya wiki nne mirunda ikatolewa, kuanzia katikati kwenda kingoni, ndivyo itolewavyo. Daraja likashuka, likatulia. Msimamizi akapima: limenyooka. Akakunja miguu mitatu ya darubini yake, akaondoka.

Juma lililofuata stoo ikapata binti anayejua kompyuta. Mkandarasi alimweleza kaka huku akitazama saa: "Fundi, msimamizi anasema wewe una faida zaidi huku nje." Ni sifa ile, ukiisikia kwa sikio moja.

Alikuja uani kwangu siku hiyohiyo, akatandika mto wa wifi juu ya rundo la mirunda, akaketi, goti moja kalinyoosha mbele. Daraja la kumi na tatu, bonde linalofuata.

"Nipe bei ya ndugu."

"Bei ya ndugu ni ileile," nikamtajia, nikasubiri matusi.

"Haya," akasema. "Sawa."

Miaka ishirini hajawahi kuikubali bei yangu ya kwanza. Nilimtazama, naye alikuwa akilisugua goti. Bei ile niliitaja ili ikataliwe. Haikuwa ya kulipwa na mtu. Ikanibidi nibishane upande wake na upande wangu, peke yangu, mpaka ikashuka pale inaposhukiaga.

"Umenibana sana," nikamwambia.

Akajibu kwa nyusi.