Jicho la Mama Lisilofumba

Kosa langu la kwanza lilikuwa kulifunga jicho la mama kwa gozi kavu, kile kitambaa chepesi cha vidonda.

Tuliishi kwenye shamba la mzungu mmoja upande wa Bahati. Baba alikuwa mbali kwenye kazi ya reli. Mimi niliitwa dresa wa shamba, mfunga vidonda, ingawa hakuna aliyenifundisha. Nilijisomea kitabu cha tiba kilichochanika na kujifunga bandeji gotini kwa mazoezi. Fundo likipinda kidogo nilifungua na kuanza upya, mgonjwa akinung'unika.

Mama alikuwa na jicho moja tu la kuona, la kulia. La kushoto lilikwenda na surua utotoni. Sikio la kulia lilipotoa usaha kwa majuma kadhaa, upande huo wa uso ukalegea. Chai ilimtoka mdomoni. Jicho lile moja likakataa kufumba. Alipolala, mboni ilipanda juu na weupe ukabaki wazi. Mchana, akichuma maua ya pareto shambani, vumbi lake liliingia humo. Majirani walisema amepigwa na upepo mbaya. Mimi nikaweka gozi, nikakaza bandeji, nikaipenda kazi yangu. Sikujua kwamba chini yake jicho liko wazi, nyuzi zikilisugua kila lilipogeuka. Nilipofungua, nilikuta doa jeupe juu ya mboni.

"Unaniona, mama?"

"Naona moshi, baba."

Hapakuwa na moshi.

Lori la maziwa lilitufikisha Nakuru. Hospitalini sista aliinua kope, akakunja uso. "Nani alifunga hii jicho hivi?"

Mama akajibu haraka, "Mimi mwenyewe, sista. Mjinga wa shamba." Akacheka kwa upande mmoja. Nikamwacha aubebe uongo huo.

Daktari alieleza, sista akitafsiri. Juu ya sikio kuna msuli wa kutafuna. Angekata ukanda wake, aupitishe ndani ya kope mpaka karibu na pua. Mama akiuma meno, ukanda ungezivuta kope zifumbe. Doa lisingeondoka, lakini jicho likiendelea kukaa wazi, lingeoza.

"Kwa hivyo nikitaka kufumba, nitafune?" mama aliuliza.

"Uume meno, mama."

"Na nikikasirikia mzee wangu, nikiuma meno, nitamwonaje nimpige?"

Sista alicheka. Mimi sikuweza.

Baada ya upasuaji, nyuzi za mshono zilipotolewa, kope hazikusogea. Nilishika juu ya sikio lake nikamwambia, "Uma." Akauma midomo. "Si midomo, meno! Tena!" Nilimsumbua asubuhi mpaka jioni, siku baada ya siku. Zilipotikisika kidogo sikumsifu, maana nilitaka zikutane kabisa. Taya likamuuma hata akashindwa kulala. Mwishowe akausukuma mkono wangu.

"Wacha! Mimi si ng'ombe wa kulima. Hata nikipofuka nitabaki mama yako."

Nilitoka nikakaa nyuma ya tangi la maji nikalia. Niliamini jicho limekwenda, na ni mimi niliyelimaliza.

Tangu uso ulegee, mama alikula akiwa amejifunika shuka kichwani ili watu wasione chakula kikimdondoka. Hata mimi niligeuka alipokula. Kwetu mtoto hamtazami mama yake akiaibika. Nilipoingia tena wodini, mama wa kitanda cha pili, mtu wa Olenguruone, alikuwa amemgawia mama yangu hindi la kuchoma na sasa alikuwa akivuta ile shuka.

"Toka huko, dada! Hapa nani mzima? Mimi nina mguu mmoja na ninakula mbele ya watu!"

Shuka ikaanguka. Mama alikuwa akitafuna, mdomo umejaa, na kope za jicho la kulia zilishuka na kupanda kwa kila tafuno. Hakujua.

"Mama, usiache," nilisema. "Tafuna tu."

"Ulinikataza kupumzika, sasa unanikataza kumeza?"

Jicho lilifumba tena, likabakiza mwanya mdogo. Kwa mara ya kwanza sikuulalamikia ule mwanya.

Siku hizi mama hulifumba kwa kuuma meno, hata akiwa anaongea na watu. Doa liko palepale. Anaona mlango na mtu aliyesimama hapo, lakini hanitambui mpaka niseme. Pareto hachumi tena.