Kilobaiti Sitini na Nne

Kwa siku mbili mwenzangu nami tulishindwa kuafikiana juu ya namba moja, na katika ofisi ya watu wawili hilo ni jambo zito.

Ofisi yetu iko Mtambile, juu ya duka la mbolea. Tunahifadhi Kipemba kama kinavyosemwa. Tuna maelfu ya sauti fupi, neno moja moja, nyingi nimezirekodi mwenyewe kwa kina mama wanaolima mwani kwetu Micheweni. Tuna pia video ndefu za wazee wakizungumza bila kukatizwa. Mwenzangu ni Mkristo kutoka bara, zamani akisomesha kompyuta sekondari. Kila mtu humwita Mwalimu, hata mwenye duka la chini.

Tulipoletewa diski nne mpya za SSD, tulitakiwa kuziunganisha zifanye kazi kama diski moja, ili ikifa moja data ibaki. Kwa mpango huo kila faili hukatwa vipande, na vipande hugawanywa kwenye diski. Mashine hukuuliza kipande kiwe na ukubwa gani. Hukuuliza mara moja tu. Ukitaka kubadilisha baadaye, unafuta kila kitu.

Mwalimu alitaka kilobaiti mia mbili hamsini na sita, vipande vikubwa, kwa ajili ya video. Mimi nilitaka kumi na sita, vipande vidogo, kwa ajili ya maneno yangu.

"Video ndizo zinazojaza diski, dada," alisema.

"Na maneno ndiyo yanayotafutwa, Mwalimu. Nani kaja hapa kutafuta video ya saa tatu?"

Akachora mistari ubaoni. Siku ya pili, adhuhuri, nilichoka nikasema sawa, iwe yake. Akatoka kwenda posta, nikabaki mimi kuiingiza.

Nilibonyeza Enter mara moja zaidi. Mashine ikaliruka lile swali na kujichagulia yenyewe: sitini na nne, namba ambayo hakuna kati yetu aliyeitetea. Nilipogundua, kunakili kulikuwa kumeshafika nusu. Nikakuacha kuendelee mpaka kukamalizika.

Mwalimu aliporudi alifungua video ndefu kuliko zote, akairusha mbele na nyuma. Haikukwama. Akafungua maneno mia kwa mpigo, nayo yakafunguka.

"Unaona?" alisema. "Mia mbili hamsini na sita."

"Naona," nikasema.

Ningeweza kuishi hivyo. Lakini wiki iliyofuata alialikwa kuzungumza na mafundi wa ofisi nyingine, akaandika karatasi nzima ya kuisifu namba yake, akanipa nimsahihishie Kiswahili. Nikasahihisha alama za mkato. Kisha nikaenda kuswali adhuhuri, na kwenye rakaa ya tatu nikajikuta nahesabu kilobaiti. Nikarudi ofisini.

"Mwalimu, ile si mia mbili hamsini na sita."

"Ipi?"

"Diski. Ni sitini na nne. Nilikosea kubonyeza, nikakuficha."

Akafungua mipangilio, akatazama. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akatazama tena.

"Na ukanisahihishia karatasi."

"Mikato tu."

Nilitumaini atacheka. Hakucheka. Alisema tutafuta, tutazipima namba zote tatu. Faili zote zilikuwamo bado kwenye diski za zamani, kwa hiyo kilichopotea ni muda tu, na mazungumzo. Kwa siku nne aliniambia maneno matatu: futa, nakili, andika.

Kwenye video, namba yake iliishinda sitini na nne kwa tofauti ambayo jicho haliioni. Kumi na sita yangu ilishika mkia kwenye video, na kwenye maneno haikuishinda yoyote. Tukabaki na mia mbili hamsini na sita, kwa sababu ndiyo tuliyoipima mwisho na hakuna aliyekuwa na nguvu za kufuta tena.

Siku ya mkutano nilikaa safu ya nyuma. Mwalimu aliwaambia mafundi wasisifu mpangilio kabla ya kuhakikisha kwamba upo.

"Sisi wenyewe," alisema, "tulikosea kubonyeza."

Alisema tulikosea. Hakunitazama. Watu walipoanza kutoka alinijia, akaniuliza kama nitakunywa chai. Nikasema nitakunywa.