Damu Iliyolazwa kwenye Barafu ya Mbuta

Kwetu ukisema unasomea udaktari, watu wanakuletea migongo inayouma. Dada yangu alishachoka kueleza kwamba udaktari wake ni ule wa kusoma mpaka vitabu vikuonee huruma. Anachunguza kichocho, hasa kwa nini miili ya wavuvi wengine hujifunza kupigana nacho na mingine inakubali tu kuliwa kila mwaka. Mimi niko Form Three. Nilimwambia achunguze kinga yangu dhidi ya Hesabu, hiyo ni kamili.

Likizo hii nilimfuata kisiwani Remba, ambako Mama anauza samaki wa mbuta. Kazi yangu ilikuwa kuwapigia wavuvi domo wasiangalie sindano Dada akiwatoa damu. Jamaa mmoja mwenye mikono kama makasia alizimia kabla hata hajaguswa. Nikaanza kumtangazia mazishi, akaamka kwa hasira. Kila aliyetolewa damu alimeza dawa ya kichocho papo hapo, kwa sababu Dada alikuwa amewaahidi hivyo. Kwa hiyo damu ile ya kabla ya dawa ilikuwa ya mara moja tu. Ikipotea, imepotea.

Alizipanga chupa kwenye sanduku, akaliacha kivulini kwenye kibanda cha Mama, tukaenda kuwaaga wazee wa ufuo. Tuliporudi, vijana wa boti walikuwa wameshalipakia. Mama alitupungia mkono akitabasamu kama mtu aliyemaliza jambo kubwa.

Dada alilifungua kwenye maabara, Homa Bay. Chupa zote zilikuwa zimezikwa kwenye barafu ya kusaga yenye chumvi, vile mbuta wa kwenda Nairobi anavyofungwa. Nikasema angalau haitanuka.

Nilikuwa sijui. Alichokuwa akitafuta ni chembe nyeupe za damu, zile zinazopigana na ugonjwa, na lazima zifike hai, zikiwa kwenye joto la kawaida tu. Alizungusha chupa kwenye mashine. Maji ya juu, yanayotakiwa kuwa ya manjano, yalitoka mekundu, maana baridi ilikuwa imezipasua chembe. Akadondosha rangi ya bluu kwenye chembe, akaniita kwenye hadubini. Chembe hai huikataa hiyo rangi, iliyokufa huinywa. Nilisogeza kioo huku na huku nikitafuta hata moja ya kubishana. Zote bluu.

Alimpigia profesa wake. Kutoka upande wetu nilisikia ndiyo, ndiyo, naelewa. Alipokata aliniambia hakugombezwa, na hilo ndilo lilimtisha. Bila damu ya kabla ya dawa, ile ya kutolewa baadaye haina cha kulinganishwa nacho. Ingebidi aanze upya kwenye kisiwa kingine ambako watu hawajameza dawa, na muda wa ufadhili wake ulikuwa unaisha kabla ya Krismasi. Nikamwambia basi tutafute kisiwa, viko vingi. Akaniuliza nani atakilipia.

Damu iliyoharibika haimwagwi hivihivi. Alivaa glavu, akaanza kumimina chupa moja moja kwenye ndoo ya dawa ya kuua vijidudu. Simu yake ikalia juu ya meza. Ilikuwa Mama. Nikaiweka kwenye spika kwa sababu mikono ya Dada ilikuwa na kazi.

“Nyathina, mwanangu, ilifika haijaharibika?”

Dada alimaliza kwanza kumimina ile aliyoshika.

“Ilifika vizuri, Mama.”

Mama akacheka kwa kuridhika. Akasema siku hiyo barafu iligombaniwa ufuoni mpaka wanawake wakavutana vitambaa, na kwamba yake yote aliitia kwenye lile sanduku. Mbuta wake wamelainika, amewauza kwa wakaangaji, lakini hiyo si kitu, samaki watavuliwa wengine.

“Safari ijayo uniambie mapema,” alisema, “niwawekee oda ya barafu kabisa.”

“Sawa, Mama.”

Nilikata simu. Dada akafungua chupa nyingine, akasoma namba yake taratibu, akaimimina.

“Usimwambie,” alisema. “Hata siku moja.”

Nikachukua glavu, nikaanza kumfungulia vifuniko.