Shamba la Kompyuta

Bibi yangu alikaukiwa sauti mpunga ukiwa umeshaanza kuinamisha masuke, na ndege walishajua. Msimu huo sisi wa Mohoro tunahamia shambani, tunakaa juu ya dungu, kile kibanda cha miguu mirefu, tunafukuza ndege kwa kelele. Bibi alikuwa fundi wa matusi. Na kwetu, ukisemwa kutoka dunguni hununi. Wanasemwa ndege.

Mgeni wetu, profesa, alikuwa mhandisi. Alianzia kiwanda cha nguo, kiwanda kikabinafsishwa, akaenda chuoni kufundisha kompyuta, kisha akaanza kukusanya nyimbo za kazi. Wahandisi wenzake walidhani amerukwa na akili. Walimu wa fasihi walidhani kaja kutengeneza feni. Mimi, na darasa la saba langu, nilitamani kuwa yeye.

Msimu wa nyuma alikuwa amemrekodi Bibi. Basi akafunga kompyuta kwenye betri ya gari, spika juu ya dungu, mashine ikawa inachagua tusi yenyewe.

“Wala vya watu nyie! Na wewe mwenye kitambi, unalala mpaka jua likuchome kisogo!”

Ndege wakaruka. Jirani yetu mwenye kitambi naye akaja.

“Bibi anasema na ndege wake,” alisema. “Hilo boksi lina shamba wapi? Basi linanisema mimi. Kwenye kuvuna msinitazamie, mie na wanangu.”

Bila watu wake, mafuriko yangeukuta mpunga wetu umesimama.

“Mzee, halikujui hata kidogo,” profesa akamwambia.

“Yaani linanitukana bila kunijua?”

“Ndiyo.”

“Profesa, hebu nyamaza kwanza,” nikamwambia.

Bibi akaninong'oneza, nami nikatangaza: kompyuta inapewa shamba. Tukaikatia kipande cha ukubwa wa mkeka. Jirani akakagua mipaka.

“Shamba linalo. Jasho je?”

Mashine haina mikono, kwa hiyo profesa akakunja suruali akaipalilia. Aling'oa magugu, aling'oa na mpunga.

“Huo mpunga, profesa,” nikamwonyesha.

“Nimeuona,” akajibu, huku anaurudishia.

Jirani alicheka mpaka akakaa kwenye tope.

Siku ya kuvuna alikuja na nyumba nzima. Akavuna chini ya spika, anaitwa kitambi asubuhi yote, hana habari. Bibi alimpakulia profesa ubwabwa wa mwanzo, kisha akaninong'oneza nimuulize kama mashine nayo inakula.