Mzee Nondo na Sindano Nyembamba Kama Unywele

Mzee Nondo alichomelea mageti na ngazi za watu tangu kidevu chake kina ndevu mbili tatu. Jina hilo alipewa karakanani, kwa kuwa hakuwa mtu wa kupinda. Lakini uzee haubishi hodi. Magoti yaligoma, usingizi ukamkimbia, na tangu mkewe afariki akawa wa kushinda kwenye kochi akiukodolea macho ukuta. Siku alipomwita mjukuu wake kwa jina la marehemu, kisha akainamisha kichwa, bintiye akasema sasa basi.

"Baba, dawa za hospitali utaendelea nazo. Lakini kuna mama anayetibu kwa tiba ya Kichina. Twende tu akuone."

"Wale wa sindano? Mwanangu, cheche zimeniunguza maisha yangu yote, sikusema kitu. Sindano, hapana!"

Akaenda, shingo upande.

Chumba kilinukia mizizi mikavu, na ukuta mzima ulikuwa droo ndogo ndogo za mbao. Akatoka bibi kizee, nywele nyeupe pe, wa rika la mama yake mzazi. Kizibo cha chupa kilimponyoka kikabingirika chini ya meza. Kabla binti hajainama, bibi alishachuchumaa, akakiokota, akainuka bila kushika chochote. Nondo akayatazama magoti yake mwenyewe.

"Shikamoo, mama," alikumbuka mwishowe.

"Marahaba. Nipe mkono."

Aliweka vidole vitatu juu ya mshipa, akafumba macho, akasikiliza kwa muda mrefu. Kisha akauliza, "Mara ya mwisho ulilia lini?"

"Mimi?"

"Wewe. Kisichotoka machoni hutafuta magoti."

Sindano ziliingia kama kuumwa na sisimizi, kisha uzito mtamu ukatambaa miguuni. Nondo akalala fofofo, akakoroma hadi binti akaona haya. Alipoamka, machozi yalikuwa yamemtiririka hadi masikioni, na kifua chake kilikuwa chepesi. Alikigusa kwa kiganja, kama mtu anayehakikisha ni chake.

"Sindano zitakusaidia kidogo tu," bibi alisema. "Kazi kubwa ni yako. Njoo asubuhi uani."

Kesho yake, uani kwa bibi, wazee walikuwa wakisogeza mikono taratibu, kana kwamba wamesimama ndani ya maji. Hii nayo ni kazi? Nondo alijichekea. Haukupita muda, mapaja yakatetemeka kuliko siku yoyote ya kubeba mageti.

Miezi ikapita. Goti moja bado hunung'unika penye baridi, na majina bado humponyoka. Lakini analala, anakwenda sokoni kwa miguu, na hadithi za mkewe anamsimulia mjukuu huku akicheka.

Siku moja alishindwa kuvumilia. "Mama, niambie siri. Umewezaje kutozeeka?"

Bibi alicheka hadi akashika meza. "Nani kakudanganya? Nazeeka kila siku! Ila sishindani na uzee, natembea nao."

Asubuhi iliyofuata Nondo alisimama uani kwake kwa mguu mmoja, macho kayafumba, asitikisike. Akaisikia pumzi yake ikiingia na kutoka. Ilikuwa imefanya kazi hiyo tangu azaliwe, bila likizo, na yeye hakuwahi hata kuisikiliza.

"Baba, chai inapoa!" bintiye aliita kutoka jikoni.

"Iache ipoe," akanong'ona, bila kufumbua macho.