Ndoa Niliyoifungisha Ubaoni

Nalisema mwenyewe kabla watu wa Nyamirambo, hapa Kigali, hawajaliongezea chumvi. Mwanzoni mwa miaka ya tisini nilikuwa nikiwafundisha washonaji Kiingereza kila jioni, barazani kwa fundi Sudi. Ubao wetu ndio huohuo uliotangaza harusi za mtaa.

Siku hiyo somo lilikuwa kufupisha "had". Niliandika "The news that he'd married again", na ili waelewe, nikaweka chini yake: "Habari kwamba Sudi alikuwa ameoa tena." Wanafunzi walicheka, Sudi naye akacheka. Nikaenda zangu bila kufuta.

Asubuhi nilisikia sokoni kwamba Sudi ameongeza mke. Niliumia kwa kutoalikwa, nikamwendea moja kwa moja. Nilimkuta uani, ameketi juu ya godoro lake; mkewe alikuwa amemtoa ndani.

"Fundi, unaoa kimyakimya, hata mimi rafiki yako hunialiki?"

Mkewe, Mama Zuhura, alitoka ameubeba ubao.

"Mwalimu, hii mwandiko iko ya nani?"

Niliutazama. Mwandiko ulikuwa wangu.

"Basi tangulia," akasema. "Tupeleke kwa huyo bibi harusi."