Nishani Iliyokosa Vigelegele

Ndiyo, Zaituni namjua.

Nimekana kwa miaka. Nimeulizwa sokoni, nimeulizwa harusini, nimeulizwa na mama yangu mzazi, na kila mara nilikunja uso kama mtu anayetafuta jina katika kichwa kilichojaa mambo makubwa zaidi: "Zaituni? Zaituni yupi?"

Yupi! Mwanamke niliyelala naye chumba kimoja bwenini miaka yote ya chuo kikuu huko Bara! Tuliyekula naye sahani moja! Aliyenishonea gauni la mahafali, maana mimi nikishika sindano huishia kujishona vidole!

Nawaandikia kwa Kiswahili nilichokisomea huko huko, na jina langu nalificha. Msinidhanie jasiri. Wazungu wa kukodi bado wapo hapa Moroni, mji mkuu wa visiwa vyetu vya Komori, wale mamluki walioshuka ufukweni na bunduki kuja kutulinda dhidi yetu wenyewe. Wamesilimu, wameoa, wamefungua biashara. Wageni wema sana. Ukiwa na adabu hawakugusi.

Zaituni ni mzaliwa wa Mutsamudu, kisiwa cha Ndzuani. Tuliporudi kutoka chuoni yeye alipangiwa kufundisha sekondari hapa Moroni, mimi nikapewa meza wizarani. Walipoanza kutawala hao wageni wema, mtaa wetu wa Magoudjou ulikuwa umejaa wanawake wa Kikomori waliofukuzwa kutoka Madagaska. Sisi wenyeji wakarimu tuliwabandika jina la shirika la ndege lililowaleta, kisha tukarudi kulala.

Zaituni hakulala. Kila alasiri aliwakusanya uani kwa mama yangu, akawafundisha kusoma na kuandika.

Na mimi? Nilichangia ua, ambao ni wa mama. Tena nilionja chai, isije ikawa na sukari kidogo.

Alasiri moja gari lao likasimama mlangoni. Zaituni alikuwa bado hajafika. Mzungu mmoja aliyevaa nyeusi tupu akaingia na viatu vyake hadi kwenye mkeka, akautazama ubao, akawatazama wanawake. Kwa hao watu, wanawake wakikaa pamoja pasipo ngoma, hiyo tayari ni siasa.

"Nani ameanzisha haya?" akauliza.

Wanawake wakainamisha vichwa. Mimi nikajibu upesi, kwa Kifaransa kilichonyooka: "Si mimi, bwana. Ni Mdzuani mmoja, Zaituni. Sijui nia yake."

Sijui nia yake! Wala hakuwa ameuliza nia. Hiyo nilimwongezea bure, kama muuza samaki anavyoongeza dagaa juu.

Zaituni aliandikwa mchochezi, akafukuzwa kazi, akapandishwa ndege, akashushwa Ouani, karibu na kwao. Sikwenda kumuaga. Nilikuwa na kazi nyingi wizarani: nilikuwa nasubiri saini. Na tangu siku ile ndipo nilipoanza kuuliza, Zaituni yupi.

Wale wanawake hawakuacha. Walijificha majikoni, aliyejua akamfundisha asiyejua. Hilo nalo nilijitia silijui.

Miaka ikapita. Sisi tuliosoma Bara tuna chama chetu, na chama hicho kikaona vyema kuwatunuku wanachama kwa mafanikio ya kazi na kwa huduma kwa jamii. Mwenyekiti, mhandisi mpole wa Ikoni, akanijia ofisini.

"Dada, nasikia darasa la kina mama lilianzia uani kwenu. Tunataka kumtunuku aliyelianzisha, hadharani, mbele ya waziri. Hata kama mahali fulani ana jina baya, siku hiyo litasafishwa, na kama alifukuzwa kazi, atarudishiwa. Ni nani?"

Jamani, mlango ulikuwa wazi! Nilichotakiwa ni kutamka jina moja tu na rafiki yangu angerudi kazini.

Nikatazama chini, kwa unyenyekevu unaostahili kupigwa picha, nikasema: "Aa, Mwenyekiti. Nisingependa kujitaja."

Siku ya sherehe sifa zangu zikasomwa. Mafanikio ya kazi: nimetumikia serikali tatu mfululizo. Kweli kabisa, tena kwenye kiti kile kile, bila kuinuka. Huduma kwa jamii: darasa la uani.

Kina mama wenyewe walikuwa wamealikwa, wakaja kweli, leso zao sare, nyuso zimepakwa liwa. Nilipowaona nilijituliza. Watu maskini husahau haraka, nikajiambia. Tazama elimu ya chuo kikuu ilivyonisaidia!

Waziri akanibandika nishani. Mwenyekiti akainua mikono: "Kina mama, vigelegele!"

Kimya.

Kwetu hata beberu akipata bei nzuri hukosi wa kumpigia kigelegele. Mimi nilipata kikohozi, tena cha waziri.

"Kina mama!" Mwenyekiti akarudia, akidhani hawakusikia.

Mkubwa wao, Mama Nuru, akaiweka leso vizuri begani. "Bwana Mwenyekiti, usituone hatuna adabu. Vigelegele tumekuja navyo. Tunamsubiri Fundi afike kutoka Mutsamudu."

Fundi, kwetu, ni mwalimu.

"Fundi yupi?"

"Muulize huyo bibi uliyempamba. Walikuwa kitu kimoja."

Ukumbi mzima ukanigeukia. Nami, nishani inaning'inia kifuani, nikasema: "Sijui wanamsema nani. Labda ni joto."

Labda ni joto! Nimesoma fasihi, nimesoma mantiki, na hilo ndilo lililonitoka!

Nilipofika nyumbani nilimkuta mama mlangoni anawagawia majirani pilau ya sherehe yangu. Habari zilikuwa zimetangulia.

"Mama! Na wageni watakula nini?"

"Wageni wa nani?" Hakuniangalia. "Mbele ya bunduki ulisema si wewe. Mbele ya nishani umesema ni wewe. Leo ndiyo nimejua nilichozaa. Nimezaa bendera."

"Mama, punguza sauti, watu wanasikia."

"Wasikie! Nyumba hii ni yangu, hukuijenga wewe wala serikali yako. Usiku wa leo utalala. Kesho usirudi kabla hujampigia simu yule mtoto ukamwambia ulichomtendea."

Sasa niwaeleze hasara yangu, kwa kuwa najua ndiyo mnayoisubiri. Nishani sinayo, Mwenyekiti aliipeleka Mutsamudu mwenyewe, akaivisha panapostahili. Zaituni amerudishiwa chaki, huko huko kwao. Moroni amesema hapatamani. Mimi meza yangu wizarani imegeuzwa, sasa inatazama ukuta. Mama Nuru tukikutana hunisalimia kwa adabu nyingi mno, zile anazopewa mtu asiyejulikana.

Nanyi mliosoma, mnaojipiga pasi mkingoja kuitwa jukwaani, nawasihi! Mkiulizwa jambo jema ni la nani, jibuni kabla hamjatazama aliyeuliza kashika nini mkononi.

Simu yenyewe niliipiga nikiwa posta, asubuhi yake, foleni imejaa. Alikuwepo mke wa mjomba, alikuwepo mwenzangu wa ofisini. Alikuwepo pia mmoja wa wale wavaa nyeusi, amepanga foleni kama binadamu, anangoja kutuma barua kwao. Karani akaita, "Mutsamudu, kibanda cha pili!" Kibanda cha pili mlango wake haufungi.

"Zaituni, ni mimi." Nikataja jina.

"Aa. Hujambo, dada?" Kama tulioachana jana.

Nikafunika mdomo kwa kiganja, nikanong'ona: "Mimi ndiye niliyekutaja kwa wale wazungu. Na darasa lako nimesema ni langu."

"Sikusikii! Laini mbaya! Sema kwa nguvu!"

Nikarudia kwa sauti ya ofisini.

"Bado! Nasikia upepo tu!"

Nikageuka. Foleni ilikuwa inanitazama. Yule mzungu alikuwa analamba stempu. Nikataka kuweka simu chini. Nikakumbuka mlango wa mama.

"Darasa ni lako, Zaituni!" nikapiga kelele. "Ni lako, si langu! Na mimi ndiye niliyekutaja kwa wazungu! Ni mimi!"

Stempu ikabaki ulimini kwa mzungu.

Kisha kwenye simu sauti yake ikaja, taratibu, karibu kabisa, kama zamani bwenini alipokuwa akinisemesha kutoka kitanda cha pili.

"Nilikusikia tangu mara ya kwanza," akasema, akakata simu.